Habari za Meno kwa Wanawake Wamezao Dawa ya Saratani ya Titi



Mhubiri, katika sura ya 12, anenapo habari za uzee, ayafananisha meno na wanawake wasagao ambao wameacha kazi kwa kuwa wamebaki wachache. Sisi wa Shinyanga na Geita twaufahamu upesi mfano huo, maana bibi zetu walisaga mtama juu ya jiwe, na nyumba isiyosikika sauti ya kusaga alfajiri ilijulikana kuwa ni nyumba yenye njaa. Lakini siku hizi wako wanawake katika sharika zetu ambao wasagao wao wapunguka kabla ya uzee, nao hawajui sababu. Na wengine, wakiisha kuijua nusu ya sababu, huitupa dawa ilindayo uhai wao. Kwa ajili yao twaandika somo hili, na kwa ajili ya wainjilisti watakaolisoma katika mitaa.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu sisi wenyewe. Katika usharika wetu yuko mama mmoja, mwimbaji, aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani. Baada ya kukatwa akapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa muda wa miaka 5. Mwaka wa kwanza ukapita vema. Katika mwaka wa pili tukaona ya kuwa anenapo hufunika kinywa kwa upindo wa kanga, na kwaya ikisimama yeye huketi. Tukadhani ni huzuni ya mwili uliopungukiwa. Tukamwendea nyumbani mara tatu, tukasoma, tukaomba, tukamhubiria saburi. Wala hatukumwuliza, Mama, kinywa kina nini? Hata siku moja binti yake akatufuata baada ya ibada, akasema, Baba Mchungaji, mama hamezi dawa tangu Kwaresima, na sasa ni mwezi wa nane. Fizi zake zatoka damu, meno mawili ya chini yacheza, na ugali haupiti kooni pasipo maji. Jirani amemwambia ya kuwa vidonge vyamla mifupa. Kesho kutwa atakwenda machimboni kwa mtu ang'oaye meno kwa koleo.

Basi jirani yule alikuwa amesema nusu ya kweli, na neno la namna hiyo ni gumu kuling'oa. Tukaona ya kuwa imetupasa kujifunza jambo lenyewe kwa waganga wa hospitali, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Saratani ya titi ni ya pili kwa wingi kati ya saratani za wanawake wa Tanzania, ikifuata ile ya mlango wa kizazi. Watu wa pande zetu hupelekwa zaidi Bugando, Mwanza, hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Wengine huenda Ocean Road, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Daktari akiisha kutoa kipande cha uvimbe, hukipeleka kipimwe, ili ajue kama saratani ile yalishwa na homoni ama sivyo. Homoni ni kama wajumbe waendao katika damu wakipeleka amri toka kiungo kimoja hata kingine. Mjumbe mmoja wa mwili wa mwanamke aitwa estrojeni, naye ndiye aamrishaye matiti kukua binti anapobaleghe. Saratani nyingine za titi humsikia mjumbe huyo, zikakua kwa amri yake. Nyingine hazimsikii hata kidogo, na mwanamke wa namna hiyo hapewi vidonge hivi, maana havitamfaa kitu. Kwa hiyo mtu asimwazime jirani vidonge vyake kwa huruma, akisema, Ugonjwa wetu ni mmoja. Siyo mmoja.

Wafugaji wenzetu watapenda kusikia jinsi jambo hili lilivyojulikana. Yuko daktari wa Glasgow, katika Uskoti, jina lake George Beatson, aliyepata habari ya kwamba wafugaji wa nchi fulani hutoa ovari za ng'ombe aliyezaa, yaani viungo vya mayai ya uzazi, ili maziwa yake yasikatike. Akawaza, Kumbe, ovari zina amri juu ya kiwele! Mwaka 1896 akaandika habari za wanawake aliowatoa ovari, ambao saratani yao ya titi ilikuwa imeshindikana kukatwa. Na wa kwanza wao uvimbe wake ulinywea. Siku zile hapakuwa na njia ila kisu. Siku hizi viko vidonge. Tamoksifeni huketi mlangoni pa saratani kama ufunguo usiofungua ulioachwa ndani ya kufuli, hata estrojeni ikija haina pa kuingia. Anastrozoli na letrozoli hufanya kazi kwa njia nyingine: huzuia mwili usitengeneze estrojeni ile kidogo inayobaki baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo hupewa zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Dawa hizi humezwa miaka 5, na pengine hata 10. Tena si kazi bure. Katika wanawake ambao saratani yao yalishwa na estrojeni, waliomeza tamoksifeni miaka 5 vifo vya ugonjwa huo vilipungua kwa kadiri ya theluthi moja. Wanawake watatu ambao wangezikwa, mmoja wao anakaa nyumbani kwake. Ndiyo maana tuliogopa sana tuliposikia habari za mama yetu.

Sasa twaja kwenye kinywa. Mjumbe yule estrojeni hana kazi ya matiti tu. Huilinda mifupa isipungue, na taya ni mfupa kama mifupa mingine. Tena fizi na tezi za mate nazo husikia sauti yake. Akipunguzwa ili saratani ikose chakula, viungo hivi navyo hupungukiwa. Kwa hiyo wanawake wengine wamezao anastrozoli au letrozoli hukaukiwa kinywa, fizi huvimba na kutoka damu wapigapo mswaki, na mfupa ushikao meno huweza kupungua hata jino likacheza. Tamoksifeni haina desturi ya kupunguza mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi; yaelekea kuilinda kidogo; lakini wako waionao ikiwakausha kinywa. Na wako wengi wasioona neno lo lote katika meno yao miaka yote mitano. Msiwatishe watu kwa kusema kila amezaye atapotewa na meno, maana huo nao ni uongo.

Ukavu wa kinywa watu huudharau, na kumbe mwanzo wa mabaya mengi ndio huo. Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza ukali wa asidi itokayo katika sukari, na kuzuia vijidudu vya kuoza. Yakipungua, jino lililokaa zima miaka 40 laweza kutoboka kwa muda mfupi, hasa penye mzizi ambapo ufizi umeshuka. Tena mgonjwa, kwa kuwa kinywa chake ni kikavu, hutaka kukilainisha, naye hukilainisha kwa chai yenye sukari, au soda, au kumumunya pipi kutwa kucha. Ndivyo alivyofanya mama yetu. Alikuwa akimwagia mafuta moto ule aliotaka kuuzima.

Hapa yatupasa tuseme neno juu ya nchi yetu, kwa maana si kila ubaya wa meno katika Shinyanga na Geita watoka katika vidonge. Visima vingi vya Shinyanga vina floraidi nyingi, na mtu aliyeyanywa maji yale utotoni, meno yake yakitengenezwa, huwa na madoa ya rangi ya kahawia mpaka kufa kwake. Mama mwenye madoa hayo asidhani dawa imempaka. Alikuwa nayo kabla hajaolewa.

Jambo la pili ni zebaki, nalo ni zito zaidi. Katika machimbo madogo, toka Rwamagasa na Nyarugusu mpaka Mwakitolyo, watu huikamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na moshi wake huvutwa na aliye karibu, naye mara nyingi ni mwanamke apikaye papo hapo na mtoto mgongoni. Sumu hiyo nayo huvimbisha fizi, hutoa vidonda kinywani na kulegeza meno. Lakini angalieni tofauti: dawa ya saratani yaelekea kukausha kinywa, zebaki hukijaza mate mpaka yadondoke, pamoja na ladha kama ya chuma, na mikono kutetemeka. Mwinjilisti hawezi kuamua ni ipi kati ya hizo mbili, wala hakutumwa kuamua. Lakini aweza kumwambia mgonjwa amweleze daktari ya kuwa nyumbani kwake huchomwa dhahabu, maana daktari wa mjini pengine hatafikiri kuuliza. Na mama mwenye saratani asikae kabisa penye moshi ule, hata kama duara ni la mumewe.

Sasa tusikilizane kwa makini katika habari ya kung'oa jino, kwa kuwa hapa ndipo ilipo hatari kubwa. Vidonge vya homoni peke yake havimkatazi mtu kung'olewa jino lililooza. Lakini wako wagonjwa ambao, kwa kuwa mifupa yao imepungua, au kwa kuwa saratani imeingia katika mifupa, huongezewa dawa ya kuitia mifupa nguvu. Iliyo ya kawaida ni asidi ya zoledroniki, ambayo hutiwa katika mshipa kwa mpira wa dripu. Wenye kulindwa mifupa tu huwekewa mara moja katika miezi 6, na wenye saratani ndani ya mifupa huwekewa mara nyingi zaidi. Nyingine huitwa denosumabu, nayo ni sindano ya chini ya ngozi. Dawa hizi ni njema, zimewaepusha wengi na kuvunjika. Walakini huizuia mifupa isijibomoe, na mfupa usiojibomoa haujijengi upya upesi. Jino liking'olewa wakati huo, shimo lake huweza kukataa kufunga. Ufizi hujitenga, mfupa huonekana mtupu, usaha hutoka, na pengine mdomo wa chini hufa ganzi. Mfupa wa taya umekufa mahali hapo. Wapatao msiba huo ni wachache, na walio hatarini zaidi ni wale wenye kuwekewa dawa mara nyingi kwa muda mrefu. Lakini aupataye huteseka sana, na kumponya ni kazi ngumu.

Ugonjwa wa namna hii ulikuwako zamani kwa sababu nyingine. Katika karne ya 19 wanawake wa London waliotengeneza vibiriti kwa fosforasi nyeupe walioza mataya kwa moshi wake. Jeshi la Wokovu likafungua kiwanda chake mwaka 1891, likatengeneza vibiriti pasipo sumu ile. Na mwaka 1906 mataifa kadhaa wakapatana huko Bern kuikataza. Ikasahauliwa. Hata mwaka 2003 waganga wa Marekani wakaanza kuandika ya kwamba wameona tena mataya yaliyokufa, safari hii kwa wagonjwa waliotiwa dawa za mifupa. (Twawataja Jeshi la Wokovu kwa makusudi, ili yeyote asituambie ya kuwa mambo ya moshi wa machimbo hayalihusu kanisa.)

Basi utaratibu ni huu. Mgonjwa akiambiwa ya kuwa atawekewa dripu au kuchomwa sindano ya mifupa, aseme, Naomba nionwe kwanza na daktari wa meno. Jino la kung'oa ling'olewe kabla, na shimo lipewe majuma kadhaa kupona, ndipo dawa ianze, kama hali ya ugonjwa yaruhusu kungoja. Akiwa amekwisha kuanza, na jino likamwuma, asiende kwa mtu ye yote kabla hajamwonyesha kadi yake ya hospitali na kumwambia jina la dawa aliyowekewa na mwezi alioiwekewa. Mara nyingi jino laweza kuzibwa, au mzizi wake kusafishwa, bila kung'olewa. Na aliyekwisha kung'olewa, akaona majuma 8 yamepita na shimo halijafunga, asingoje tena, arudi hospitali. Yule mtu wa koleo machimboni haulizi kadi. Wala hachemshi koleo lake vema, jambo ambalo ni hatari hata kwa mtu mzima asiye na saratani.

Tumeulizwa na ndugu mmoja kama safari ya Mwanza si ndefu mno kwa ajili ya jino. Kusafisha meno, kuziba na kung'oa kwa kawaida hufanyika katika hospitali za mikoa yetu, Shinyanga na Geita, pasipo kwenda mbali. Ila mwenye dawa za mifupa ni afadhali daktari wa meno na daktari wa saratani wasemezane. Hata hivyo njia si kama ilivyokuwa. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na mtu wa Geita hapangi tena foleni ya kivuko huku jua likimpiga kichwani.

Nyumbani mgonjwa apige mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki laini na dawa ya meno. Mswaki wa mti wafaa, ikiwa ni safi na umetafunwa hata ukalainika. Mkaa na mchanga havifai, maana husugua jino na kulichuna. Damu ikitoka asiache kupiga mswaki, kwa kuwa ukoga ukikaa penye ufizi huongeza damu, apige polepole. Maji anywe kidogo kidogo mchana kutwa, na chai ya sukari aiweke wakati wa chakula tu. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Tumbaku aiache, ya kuvuta na ya ugoro, na twajua ya kuwa huko Kahama neno hili halipendezi. Ale dagaa pamoja na mifupa yake, anywe maziwa ya mgando, kwa ajili ya mifupa. Jino linalouma asilitie maji ya betri wala dawa asiyoijua.

Tena liko jambo moja ambalo si la meno, lakini wainjilisti wakilinyamazia twaweza kujuta. Dawa hizi huleta joto la ghafula usiku, jasho likamtoka mgonjwa, akaondoka kitandani, akasimama uani kupunga upepo. Ninyi mnajua jinsi wazee wanawake wa nchi hii walivyouawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyowekundu kwa moshi wa kupikia. Mwanamke asimamaye nje peke yake usiku wa manane, ambaye titi lake limeondolewa na meno yake yaanza kuanguka, mnadhani jirani watasema nini? Semeni ninyi kwanza. Mwinjilisti, kwa ruhusa ya mgonjwa, aende kwa mume, na kwa wakwe, na kwa balozi wa mtaa, awaeleze ya kuwa ni dawa. Mambo yaliyoelezwa mchana hayapewi jina jingine usiku.

Wako watakaosema ya kuwa mwenye imani angeombewa tu. Tunaomba, wala hatukuacha kuomba. Lakini Isaya alipomletea mfalme Hezekia habari ya kupona, aliagiza pia tini zibandikwe juu ya jipu; wala hatusomi ya kuwa mfalme aliona haya kwa ajili ya zile tini.

Mama yetu yule tulimzuia asiende machimboni, tukampeleka hospitali siku ya pili yake. Daktari hakumkemea. Akamwambia ya kwamba miezi ile mitano ilikuwa hasara, lakini aanze tena siku ile ile. Kisha akamwandikia vidonge vya namna nyingine, maana ziko dawa zaidi ya moja, na mgonjwa ashindwaye na hii aweza kupewa ile, jambo ambalo yeye hakulijua alipoamua kuacha. Kwa kuwa hakuwa ametiwa dawa ya mifupa, jino moja lililolegea kabisa likang'olewa pasipo hofu, na shimo likafunga vema. La pili likaachwa. Ukoga ukakwanguliwa, nalo limekaza kiasi. Kwaya imemwandika tena katika sauti ya pili. Husimama na chupa ya maji miguuni pake, nasi tumewaambia wazee wa kanisa wasimkataze kunywa katikati ya ibada.